Muulize Fundi: 504 ya baba inachemsha Kitonga

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Peugeot 504 stesheni ya 1978, aliiacha baba na mimi siuzi. Hapa mjini haina shida, hata foleni ya Msamvu inakaa vizuri tu, nikitoka kwenda Iringa geji inaanza kupanda kidogokidogo, nikifika mlima Kitonga lazima ichemshe iteme maji kwenye mfuniko. Fundi wa kwanza katoa themostati katupa, wa pili kabadilisha wota pampu, huyu wa tatu anasema hedi gasketi imeungua anataka afungue. Wengine wananiambia 504 zote ndo zilivyo. Nimpe hela afungue?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba kijana. Usimpe hela kwanza. Na hao wanaosema 504 zote zinachemsha si kweli, gari hii ndo dereva Ove Andersson alishinda nayo Safari Rally mwaka 1975, huwezi kushinda ile shughuli na gari la kusimama njiani unasubiri lipoe.

Sasa angalia, jibu nusu umeshalitoa mwenyewe. Kwenye foleni haichemshi, mlimani inachemsha. Feni ya 504 haizunguki kwa nguvu muda wote, ina klachi ya sumaku, maji yakipata moto swichi inapeleka umeme sumaku inashika feni. Ingekuwa kaboni ya ile klachi, inayopitisha umeme kwenda kwenye sumaku, imeisha au swichi imekufa ungeanza kuchemshia hapohapo Msamvu. Kwahiyo feni tuiache. Kitonga injini inavuta mzigo, gia ndogo, mafuta yanaungua mengi, joto linakuwa kubwa kuliko rejeta inavyoweza kutoa, na rejeta ya miaka zaidi ya 40 iliyojazwa maji ya kisima na ya mtoni miaka yote hiyo mirija yake nusu itakuwa imeziba chumvi na kutu.

Hakikisha mwenyewe, haina gharama. Washa gari mpaka ipate moto sawasawa, zima, kisha pitisha kiganja taratibu mbele ya rejeta yote juu mpaka chini. Ukikuta mahali pana moto halafu ghafla pamepoa, hapo mirija imeziba. Mpelekee fundi rejeta abandue tenki apitishe fito kwenye kila mrija, zile za shaba zinafunguka na kulehemiwa tena, ila zikiwa zimeliwa sana aweke koa mpya, yaani ile sehemu ya katikati yenye mirija. Kumwagia dawa ya kusafishia peke yake kwa rejeta iliyoziba hivyo ni kupoteza hela.

Halafu mfuniko, watu wanaudharau sana. Kazi yake si kufunika tu, unabana presha ili maji yasichemke mapema. Iringa iko juu zaidi ya mita 1,500, huko maji yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, kwahiyo mfuniko wenye mpira uliokakamaa au springi iliyolegea Morogoro unaweza usijue, ukianza kupanda ndo unaumbuka. Nunua wenye presha ileile iliyoandikwa kwenye wa zamani. Na usiufungue gari ikiwa ya moto, nimeona watu wameungua uso.

Themostati rudisha, ndo inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Kuitoa hakuponyi kitu, kunaficha ugonjwa tu na injini inafanya kazi ya baridi asubuhi inakula mafuta na kulika haraka. Mwambie fundi aangalie na taiming, yaani wakati plagi zinapopiga cheche, ikichelewa nayo inapandisha joto mlimani.

Kuhusu gasketi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, asubuhi injini ikiwa baridi kabisa fungua mfuniko, washa, chungulia. Yakitoka mapovu bila kukoma, au ukiurudisha mfuniko mpira wa juu wa rejeta ukawa mgumu ndani ya dakika moja kabla hata maji hayajapata moto, au oili imekuwa kama chai ya maziwa, basi huyo wa tatu ana haki. Lakini hata hapo muulize kwanza kama anazijua laina za 504, yale mabomba ambamo pistoni zinapanda na kushuka, zimekaa ndani ya maji, hedi ikishatoka lazima azibane zisinyanyuke na asizungushe injini, zikinyanyuka sili za chini zinavujisha maji kwenye oili na hapo umenunua overhoo, injini nzima kufunguliwa. Akikuangalia tu bila jibu, chukua gari yako.

SWALI: Fundi, Land Rover Series III yangu kinyume chake, njia ya Moshi iko poa, nikiingia foleni mjini geji inapanda.
Msomaji, Arusha

JIBU: Yako ni hewa. Ukiwa unatembea upepo unasaidia, ukisimama anabaki feni peke yake. Kaza au badilisha mkanda wa feni, kisha angalia lile kava linalozunguka feni, mafundi wengi wakilitoa hawalirudishi, na bila lenyewe feni inavuta hewa ya pembeni badala ya kuipitisha kwenye rejeta. Toa na matope na majani yaliyoshika mbele, piga maji kutoka upande wa injini kwenda nje.