Maswali ya wasomaji: Navuta kwa nguvu zote lakini dakika hazishuki

SWALI: Kocha habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 38, niko Ilazo hapa Dodoma. Tangu mwezi wa tano natumia ile mashine ya kupiga makasia jim kwetu, leva naweka 10 maana jamaa wote pale wanaweka 10, mita 5,000 namaliza kwa dakika 25 na hazishuki hata nijikaze vipi. Kingine, nikimaliza kichwa kinagonga mpaka usiku wakati jasho lenyewe silioni, na kabla ya kupanda huwa nakunywa lita nzima ya maji kwa mkupuo. Nakosea wapi? – Mama Wawili

JIBU: Mama Wawili salama kabisa, hao jamaa wa 10 waachie 10 yao. Leva ile inaruhusu tu hewa nyingi au kidogo iingie kwenye feni ya mashine, ni kama gia ya baiskeli, ukiweka nzito mapaja yataungua lakini haina maana umewahi kufika. Weka kati ya 3 na 5. Kama mashine yenu ni Concept2, kwenye menyu ya skrini kuna sehemu ya dragi fakta, yaani namba inayoonyesha hewa inaikaba feni kiasi gani, vuta mara kadhaa usome namba, 110 hadi 130 inakutosha sana. Hiyo namba ndiyo ya kuiamini kuliko leva, hasa kwetu huku, maana tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi kuliko ya Dar, halafu vumbi letu la kiangazi linaziba wavu wa feni kwa hiyo 5 ya leo siyo 5 ya siku mashine iliponunuliwa. Waambie wafungue waisafishe. Jim nyingi wanafuta kiti wanaona wamemaliza.

Hukusema unavuta mara ngapi kwa dakika ila nabeti ni 30 na kitu, na mikono ndiyo inafanya kazi. Jaribu hivi: shuka mpaka 20 au 22 kwa dakika. Anza kwa kusukuma na miguu tu, mikono imenyooka, mgongo bado umeinama mbele kidogo, miguu ikikaribia kunyooka ndipo mgongo uende nyuma halafu mwisho kabisa mikono ivute mpini mpaka chini ya kifua. Kurudi ni kinyume chake, mikono kwanza, mgongo, ndio magoti yakunjwe, na usikimbilie, kurudi kuchukue kama mara mbili ya muda wa kuvuta. Dalili rahisi ya kujua unaharibu ni pale mpini unapolazimika kuruka juu ya magoti wakati wa kurudi, ujue magoti umeyakunja mapema. Wiki mbili za kwanza utajiona mvivu, vumilia.

Halafu usijidai kwenye hesabu. Dakika 25 kwa 5,000 ni 2:30 kwa kila mita 500, na hiyo ni kama wati 104. Ukitaka 2:15 unahitaji wati 142, yaani nguvu imeongezeka zaidi ya theluthi wakati saa imepungua sekunde 15 tu! Kwa hiyo ukishusha sekunde mbili tatu kwa mwezi shangilia. Siku mbili za wiki piga nusu saa taratibu, mwendo ambao unaweza kupiga stori na jirani, siku ya tatu ndio vipande vinne vya mita 500 kwa kasi na mapumziko ya dakika mbili katikati.

Sasa maji. Jasho unatoka, tena sana, ila hewa ya hapa kavu, hasa kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi, inalikausha kabla hujaliona. Jipime kwenye mzani kabla na baada, nguo chache, jasho ulifute. Mfano umepanda na kilo 68, umeshuka na 67.3, na katikati umekunywa mililita 300, basi umepoteza kama lita moja, kilo moja ni karibu lita moja. Ukipoteza zaidi ya asilimia mbili ya uzito wako hapo ndio mwili unaanza kuchoka mapema. Lita ya mkupuo iache, inachezacheza tumboni kila ukiinama na nyingi utaipeleka chooni. Kunywa glasi mbili kama saa mbili kabla, mafunda machache ukiwa juu ya mashine, zinazobaki kunywa taratibu ukiwa nyumbani na chakula. Ila ukikuta uzito umepanda baada ya mazoezi umezidisha, na maji kuzidi sana yanapunguza chumvi kwenye damu, hiyo ni hatari kweli. Na feni ya ukutani waombe waielekeze kwako, ndani hakuna upepo wa kukupooza. Kichwa kikiendelea kuuma hata baada ya haya nenda kapime presha, usisubiri jibu langu lingine.

SWALI: Kocha, nikivuta zaidi ya saa moja ninywe energy drink? – Kijana wa Kisasa

JIBU: Hapana mdogo wangu, hizo nyingi ni kafeini na sukari. Lita moja ya maji, vijiko sita vya chai vya sukari, robo kijiko cha chai cha chumvi, kamulia ndimu au weka ukwaju kidogo, weka kwenye friji. Chini ya saa moja maji matupu yanatosha.

SWALI: Mwezi wa Ramadhani niache mashine? Niko Kondoa. – Abuu

JIBU: Usiache ila punguza. Vuta dakika 20 za taratibu karibu na futari ili ukishuka tu unywe, vipande vya kasi viweke usiku baada ya tarawehe. Mchana wa jua kali usiguse, na ukisikia kizunguzungu shuka hapo hapo.