Mayai ya Pasaka: rangi ya mmea haitaki haraka

Mayai yangu ni ya kahawia. Yatashika bluu? (Moshi)
Hapana. Kila Kwaresima mnaniuliza hili. Tafuta meupe, au ya kienyeji yaliyopauka.

Nimechemsha kabichi ya zambarau, nikatia siki, maji yakawa ya waridi. Nimeharibu? (Nakuru)
Hujaharibu. Rangi ya kabichi hufuata uchachu: siki huivuta kwenye wekundu, lakini ganda la yai ni jamii ya chokaa, huua uchachu pale linapogusana na maji, na hapo bluu hujitokeza. Katakata nusu kabichi, ichemshe nusu saa kwenye lita moja ya maji, chuja, acha ipoe, tia vijiko viwili vikubwa vya siki. Zamisha mayai yaliyokwisha kuiva, weka kwenye friji hadi asubuhi. Ukiyatoa baada ya dakika kumi utapata kijivu cha kusikitisha, kisha utaniandikia tena. Wala usimimine nusu chupa ya siki, itakula ganda na rangi itabanduka ukipangusa. Kabichi iliyobaki ikaange, chakula hakitupwi.

Vitunguu vingapi kwa mayai kumi? (Dodoma)
Maganda, jamani, maganda! Yale makavu ya nje. Vitunguu vyenyewe ni vya mchuzi. Mwombe muuza vitunguu sokoni; huyafagia kila jioni, atakujazia mfuko bure. Jaza sufuria, chemsha mpaka maji yawe mazito ya hudhurungi, chuja, tia siki kidogo, kisha pikia mayai humo humo. Hapa hata yai la kahawia linapendeza. Waorthodoksi, wakiwemo wa Kagera na Kenya, huyatia mayai yao wekundu Alhamisi Kuu kuwa alama ya damu ya Kristo, na maganda haya ni njia yao ya zamani. Ukitaka urembo, bandika jani la giligilani kwenye yai, lifunge kwa kipande cha soksi nyembamba ya kike, kisha lipike. Jani litaacha picha yake.

Rangi ya ukili inashika upesi na inang'aa. Kuna ubaya? (Pemba)
Upo! Ganda lina vitundu, rangi hupenya hadi kwenye ute. Rangi ya mikeka haikutengenezwa iliwe, na ya batiki vilevile. Mtoto hatabagua lipi pambo na lipi chakula. Unataka kung'aa? Manjano ya unga iko jikoni kwako.

Bitiruti je? (Iringa)
Waridi siku ya kwanza, chai ya maziwa siku ya pili. Mimi siitumii.

Yanaweza kukaa mezani hadi Jumatatu ya Pasaka? (Dar es Salaam)
Kukaa, ndiyo. Kuliwa, hapana. Yai lililochemshwa likizidi saa mbili nje ya friji limekuwa pambo, na kwa joto la kwenu msingoje hata hizo mbili. Ndani ya friji, wiki moja. Lenye ufa liliwe siku hiyohiyo, usililaze kwenye rangi.