Mwaka wa kwanza, mwacheni nguruwe wa Mill apumzike

Nimemaliza kusahihisha insha zenu juu ya mwanafalsafa John Stuart Mill, na nguruwe aliyeshiba yumo karibu katika kila moja, kutoka ile sentensi yake: bora binadamu asiyeridhika kuliko nguruwe aliyeridhika, bora Sokrate asiyeridhika kuliko mpumbavu aliyeridhika. Wadogo zangu, mnanichosha. Ila siwezi kuwasema sana, humo humo nilipita.

1. Msimvike Mill kanzu ya Bentham. Bentham, aliyemtangulia Mill katika falsafa ya kupima wema wa tendo kwa raha linayoleta, 1789, anapima raha kwa ukali wake, muda wake, uhakika wake na kadhalika. Ubora haumo kwenye mizani yake. Mill ndiye aliyeuingiza, 1861: raha za akili ni za juu, za mwili ni za chini. Ukiwachanganya hao, sapu, mtihani wa kurudia, inakuita.

2. Sura ya pili ya Utilitarianism, kitabu cha Mill, isomeni yenyewe, acheni madesa. Ni jioni moja tu.

3. Hapa nitakaa. Mwaka wa pili nilipewa semina ya raha za juu na za chini. Bentham alisema mchezo wa pini, wa watoto wa Uingereza, una thamani sawa na muziki na ushairi. Mimi nikataka mfano wa nyumbani: nikasema wazee wanaoshinda barazani kwenye bao wameridhika na raha ya chini, msomaji wa mashairi yuko juu yao. Darasa likacheka. Nikanogewa, nikawaigiza wazee wenyewe wanavyoinama na kete mkononi.

Mwalimu wetu, mtu wa pwani, mpole kupita kiasi, akaniuliza, "Mwanangu, namua na mtaji vinatofautianaje?" Sikujua kuwa ni awamu mbili za mchezo wa bao. "Kutakata je?" Nikadhani anazungumzia usafi, kumbe ni zamu ya bao isiyokula kete. "Na shairi, umesoma lipi ambalo si la mtihani?"

Jasho. Mwamuzi wa Mill ni yule aliyezionja raha zote mbili. Mimi sikuwa nimeonja hata moja! Nilikuwa yule mpumbavu wa kwenye sentensi niliyotoka kuinukuu, na bado nilikuwa na dakika kumi za kusimama pale mbele.

Likizo nikaenda kukaa kwa babu, kwenye bao lake. Kete 64, na yeye anaona mtaji, yaani nafasi ya kula kete, wa mzunguko mzima mimi sijamaliza hata kuhesabu. Tena Mill anaziweka juu raha za akili, kwa hiyo pengine hata upande niliwapa wazee usio wao.

4. Ukisema wapo walioonja zote wakaangukia za chini, taja na jibu la Mill: uwezo wa raha za juu ni mche mwororo, hufa usipotunzwa. Usipolitaja nakata alama. Wakali zaidi waanze na Sidgwick, mwanafalsafa Mwingereza aliyemkosoa Mill: kama raha peke yake ndiyo kipimo, ubora ukishinda wingi umetoka wapi?

5. Marudio Ijumaa, saa kumi kamili. Atakayeleta mfano wa bao nitamuuliza namua.