Mwanangu hajui kusema vizuri, je, aanze kusoma?

SWALI: Mwanangu ana miaka 6 na ana sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha kuongea na kujifunza. Anasema maneno machache, na wageni hawamwelewi. Mwalimu anashauri tusubiri aongee vizuri kwanza. Nyumbani nimemfundisha ba, be, bi, bo, bu. Kesho yake kasahau zote. Nifanyeje?

JIBU: Usisubiri, mama. Watoto wengi wenye hali hii hushika wanachokiona kuliko wanachokisikia. Neno la mdomoni hupita. La kwenye kadi linabaki pale, analitazama hadi limkae. Kwa hiyo kusoma kwenyewe kunaweza kumsaidia kuongea.

Ila kwanza kampime masikio na macho, hata kama unadhani yako sawa. Maji kujaa nyuma ya ngoma ya sikio ni jambo la kawaida sana kwao, na hapo ba na da zinakuwa sauti moja. Wengi pia huona vitu vya karibu kwa shida.

Silabi ziweke kando kwa sasa, kwa sababu "be" peke yake haimwambii kitu. Anza na maneno mazima anayoyajua: jina lake, mama, kiatu, mpira. Yaandike kwa herufi ndogo (a, b, c, si A, B, C) ila zenye umbo kubwa, wino mweusi, kadi nyeupe. Usiweke "mama" na "maji" pamoja mwanzoni, zinafanana mno.

Weka kadi mbili mezani, mpe ya tatu yenye neno sawa na mojawapo, aiweke juu ya mwenzake. Wewe taja neno. Akizoea, mwambie "nipe mpira" achague. Kutaja mwenyewe kunakuja mwisho, na akijibu kwa ishara, pokea. Ukiona mkono unaelekea kadi isiyo yake, uongoze taratibu kabla haujafika. Kosa likirudiwa huwa gumu kulifuta. Dakika 5 zinatosha, kila siku.

Mapema kabisa ongeza vitendo, "analala", "anakula", umtengenezee kitabu chenye picha zake: "mama analala". Muulize nani analala, akuoneshe. Asiyeweza kuonesha bado hajasoma, hata akitamka.

Silabi utazirudia akishajua maneno mengi kwa macho. Hapo ndipo "maji" inaletwa kwa "mama". Ikate kwa mkasi, ma na ji, umwache atafute ile ma nyingine. Mwalimu naye mpe kadi hizohizo, ili shuleni na nyumbani mwende pamoja.