Mikate midogo ya Denmark inayotoka migumu: tatizo si unga wala oveni

Mkuu mleta mada, umesema uko Aalborg hapa Denmark, umefuata maelekezo ya nyuma ya pakiti ya unga, umekanda "mpaka donge lisishike mkono", na bado boller zako, yaani hiyo mikate midogo ya mviringo, zinatoka nzito, kesho yake ni za kulowekea kwenye chai. Umeweka na picha, na mwisho umeuliza zinahifadhiwaje. Wachangiaji wa juu wamekwambia ubadilishe unga, mwingine kasingizia oveni. Mimi naona jibu umelitaja mwenyewe. Donge la boller linatakiwa lishike mkono.

Naishi Aarhus, nimeoa huku, na uokaji nimejifunzia jikoni kwa mama mkwe, mama wa huku rasi ya Jylland ambaye mkate wa dukani kwake ni wa dharura. Sisi tuliokulia kwenye chapati na maandazi, mkono umeshazoea donge linaloachia beseni mapema. Likinata kidogo tunanyunyiza unga, likinata tena tunanyunyiza tena. Mwisho wa siku umeongeza gramu mia na zaidi bila kujua, halafu unashangaa mkate umekuwa jiwe. Mama mkwe akishapima unga, pakiti anairudisha kabatini kabla hajaanza kukanda. Na anapima kwa mizani, maana kikombe cha unga ulioshindiliwa na cha unga uliochekechwa ni vitu viwili tofauti.

Ushauri wangu anza na hveder, aina ya boller laini, uache kwanza zile zenye ganda gumu. Ukizitazama ni kama skonzi za nyumbani zilizookwa zikiwa zimebanana, ila hizi zina iliki, na iliki mtu wa kwetu hahitaji kufundishwa. Zina historia yake pia. Mwaka 1686, enzi za mfalme Christian V, siku kadhaa za kufunga na kusali zilikusanywa zikawa sikukuu moja, Store Bededag (Siku Kuu ya Maombi), Ijumaa ya nne baada ya Pasaka. Siku hiyo kazi zilikuwa marufuku, waokaji wakiwemo, kwa hiyo walioka hveder Alhamisi ili watu wapashe moto kesho yake. Nani angesubiri? Watu wakaanza kuzila Alhamisi jioni zikiwa za moto, na mpaka leo ndivyo zinavyoliwa. Serikali iliifuta sikukuu yenyewe kuanzia 2024, ikisema inahitaji fedha za ulinzi, na maelfu ya watu waliandamana Copenhagen kupinga. Sikukuu imekwenda, hveder bado zinauzwa kila masika.

Vipimo ninavyotumia: maziwa desilita 3 (mililita 300), hamira mbichi (ile laini ya kipande) gramu 25, yai moja, sukari gramu 60, chumvi kijiko kimoja cha chai, iliki vijiko viwili vya chai, siagi gramu 100 na unga wa ngano gramu 600. Maelekezo mengi ya huku yatakwambia utie kipande kizima cha hamira cha gramu 50. Hiyo ni haraka tu ya watu wanaotaka kula baada ya saa moja. Mkate unabaki na harufu ya hamira na unakauka upesi. Tia nusu, uupe muda. Kama una hamira kavu ya punje ndogo, gramu 8 zinatosha.

Iliki usinunue iliyosagwa ya kwenye kichupa. Nenda maduka ya Waarabu au Wahindi, nunua iliki nzima, menya, twanga mbegu kwenye kinu papo hapo. Usiisage ikawa vumbi. Ibaki na chembe chembe, ndiyo mtu akitafuna anakutana nayo. Na usione haya kujaza vijiko viwili vizima, mkate huu unataka iliki nyingi.

Maziwa yawe ya uvuguvugu, ukichovya kidole usisikie joto wala baridi. Yakiwa ya moto unaiua hamira. Koroga hamira humo, tia yai, sukari, iliki, unga, mwisho chumvi. Kanda dakika kumi kwa mkono kabla ya kutia siagi. Mama mkwe anayeyusha siagi kwenye maziwa tangu mwanzo na zake zinatoka nzuri tu, ila mimi naona siagi laini ikiingia mwishoni, kipande kwa kipande, mkate unakuwa na nyuzi nyuzi zaidi. Ukianza kuitia donge litavurugika, litateleza, litashika vidole mpaka utamani kulitupa. Hapa ndipo wengi wanakimbilia unga. Wewe endelea kukanda. Baada ya dakika chache linajikusanya, linang'aa, na ukivuta kipande kinanyooka kikawa chembamba cha kupitisha mwanga kabla ya kukatika. Bado litanata kidogo, liache hivyo hivyo.

Lifunike liumuke saa moja na nusu hivi, mpaka liwe mara mbili. Kama jikoni kuna baridi, na huku baridi haiishi, ongeza muda, usiliweke juu ya hita. Kata vidonge 16 vya gramu 70 hivi, viviringe, uvipange vinne kwa vinne kwenye trei, kati ya kidonge na kidonge upana wa ncha ya kidole. Vikiumuka mara ya pili, kama dakika 40, vitagusana, na kwenye oveni vitashikana kabisa. Ubavu ulioshikana na mwenzake haukauki, ndiyo maana hveder ni laini pembeni. Wewe picha yako inaonyesha umezitawanya trei nzima, kila moja imeungua pande zote. Oka nyuzi 200, dakika 15 hivi. Zikitoka zifunike kwa kitambaa.

Kuzila: zipasue katikati, zipitishe kwenye tosta, paka siagi wakati bado za moto. Huku siagi inapakwa nene kiasi kwamba uking'ata alama ya meno inabaki, na hakuna anayekushangaa. Watoto wangu wanaweka juu yake vile vibapa vyembamba vya chokoleti vinavyouzwa maalumu kwa mkate. Mimi bado nashindwa kuita hicho kifungua kinywa, ila sibishani nao.

Zile rundstykker za Jumapili asubuhi, zenye ganda linalovunjika, ni rahisi kuliko unavyofikiri. Usiku koroga maji baridi desilita 5, hamira mbichi gramu 10, chumvi gramu 12 na unga gramu 700, funika, weka kwenye friji mpaka asubuhi. Usilikande upya. Chota vipande kwa kijiko chenye maji, paka maji juu, nyunyiza mbegu za mpopi (poppy), oka nyuzi 230 kama dakika 20, na chini uweke bati la moto ulilomimina maji ili upatikane mvuke. Kwa mnaosoma mkiwa Dubai: mbegu za mpopi ni marufuku huko, hata za kupikia, msije kuzibeba kwenye begi. Ufuta unafaa.

Swali lako la mwisho, kuhusu kuhifadhi: kwenye friji zinakuwa ngumu upesi kuliko zikiachwa mezani. Zikipoa tu, zigandishe siku hiyo hiyo, hveder uwe umeshazipasua, asubuhi unazitoa kwenye freza moja kwa moja mpaka kwenye tosta.