Mvumo kwenye AM (masafa ya kati) usiku hapa Tanga: ni vita vya mpakani au chaja ya jirani?

Mkuu, umeuliza kama kelele inayofunika stesheni za Asmara na Addis Ababa usiku hupigwa makusudi na serikali za Eritrea na Ethiopia zinazozozana kule juu, au ni ya hapo hapo mtaani. Kabla hujaulaumu mpaka, zima umeme wa nyumba nzima, kisha washa redio ya betri. Kelele ikikata, mchawi yumo ndani: chaja, taa za LED, king'amuzi, inveta ya sola. Isipokata, tembea na redio mita 50 usikilize kama inapanda na kushuka. Kelele ya mtaani hubadilika kwa hatua chache. Ya kutoka Pembe ya Afrika haijali umesimama wapi.

Hata mlio ni tofauti. Chaja mbovu hukoroma, ukibadilisha masafa unaikuta tena kila baada ya makumi ya kHz, bendi nzima. Anayeziba stesheni hukalia masafa yake tu: "shaaa" nzito, ukisogea kHz 18 pembeni haipo, na huweza kukatika ghafla kipindi kikiisha. Ethiopia na Eritrea zilipigana 1998 hadi 2000, zikapatana 2018, na sasa wanatazamana vibaya tena. Uzibaji wao umesikika zaidi masafa mafupi, bendi ya mita 41. Kwa hiyo kwenye AM mimi ningemshika chaja kwanza. Mapasuko ya radi za masika hayana dawa, zima ulale.

Sasa chukua ramani. Tanga iko karibu na longitudo 39, Addis Ababa na Asmara pia. Zote mbili ziko kaskazini moja kwa moja, kama km 1,560 na km 2,270. Kusini kwenye mstari huo huo kuna Unguja na Dar. Antena ya fremu (waya uliozungushwa kwenye msalaba wa mbao, naieleza hapa chini) husikia mbele na nyuma sawasawa, basi hakuna namna ya kuizungusha ikakutenganishia Asmara na Dar. Usipoteze usiku mzima unajaribu. Lakini kingo za fremu zikielekea kaskazini na kusini, mashariki na magharibi yake ni kimya. Faida ndiyo hiyo: simama mahali ambapo nyumba yenye kelele iko mashariki au magharibi yako. Kuhama kona ya uwanja kunaweza kukufaa kuliko kununua redio mpya.

Fremu yenyewe: mbao mbili za sm 85 zifungwe msalaba, upate mraba wa sm 60 kila upande. Zungusha waya mara 13, ukiacha mm 5 kati ya mzunguko na mzunguko. Nunua mita 33 za waya wa kusukia mota. Ncha zikwangue kwa msasa mpaka shaba ing'ae, rangi ikibaki risasi ya kulehemu haishiki. Ziunge kwenye kapasita ya kuzungusha (ile ya kutafutia stesheni) ya redio ya zamani, pF 365. Hapo unapata bendi yote, 531 hadi 1602 kHz. Ikigoma kufika juu, punguza mzunguko mmoja. Kapasita ndogo ya plastiki ya pF 200 hivi itaishia kwenye kHz 700, huko chini hushuki. Na chumvi ya bahari hapa Raskazone hula miguu ya kapasita, ihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko.

Usiunge waya wowote kwenye redio. Iweke sm 15 kutoka kwenye fremu, ile fimbo nyeusi ya antena ndani yake ikichoma katikati ya mraba kama mshale, yaani ikielekea mashariki na magharibi. Ikikaa sambamba na waya hutapata kitu, na kosa hili ndilo linalofanya watu waseme fremu haifanyi kazi. Ukiisogeza karibu mno na fremu, redio hupiga mluzi. Redio ya namba iweke kwenye hatua za kHz 9, si 10 za Marekani, la sivyo utaangukia pembeni mwa stesheni.

Nairobi ikikusumbua, izungushe fremu mpaka Nairobi ififie. Asmara itabaki na kama nusu ya nguvu. Usiku Nairobi haizimiki kabisa, kwa sababu mawimbi yanashuka kutoka juu.

Muda: Juni jua la Tanga huzama kama saa 12:20 jioni, la Asmara karibu saa 1, basi anza saa 1 na kuendelea. Desemba Asmara hutangulia kuingia giza, kwa hiyo tega kuanzia jua la Tanga linapozama. Kila saa kamili ikigonga sikiliza neno linalokaribiana na "saa" yetu, maana Kiamhari na Kitigrinya wanalo, na Waethiopia huhesabu saa kama sisi, kuanzia alfajiri. Saa mbili yao ya usiku ni saa mbili yako.