Ufa kwenye ukuta wa mawe wa zamani: mota isiwe ngumu kuliko jiwe

Ndugu uliyeuliza kuhusu nyumba ya familia yenu hapa Kigoma, umesema ukuta ni wa mawe ya mchanga, umejengwa enzi za Mjerumani, una ufa uliofuata viungo vya kati ya mawe hadi ukakata mawe matatu, na fundi ameshauri uzibwe kwa mota (mchanganyiko wa kushikanisha mawe) ya saruji moja kwa mchanga tatu ili ushike kabisa. Nakuomba umsimamishe kwanza. Nimefanya uashi kwa zaidi ya miaka ishirini, na kosa hilo nimelifanya kwa mikono yangu.

Ilikuwa ghala la zamani karibu na ziwa. Tulichokonoa viungo, tukajaza saruji, tukapiga msasa, na mwenye nyumba akafurahi. Baada ya masika ya pili nilirudi nikakuta saruji yangu ni nzima, imejitokeza kama ubavu, na mawe yaliyoizunguka yamerudi ndani karibu upana wa kidole. Nilipopitisha kidole gumba juu ya jiwe, punje zilimwagika kiganjani kama pumba.

Sababu yake ni hii. Ukuta wa zamani hunywa maji ya mvua na unyevu wa ardhini, kisha huyatoa kupitia viungo, kwa kuwa chokaa ina matundu mengi kuliko jiwe. Ukiziba viungo kwa saruji, maji hulazimika kutokea kwenye jiwe lenyewe, yakibeba chumvi, ambazo nyingine hutoka ndani ya hiyo hiyo saruji. Maji yakikauka, chumvi hubaki na kuganda chini ya ngozi ya jiwe, zikaisukuma mpaka ibanduke. Tena ukuta hutanuka kwa jua na kunywea usiku. Mota laini hujikunja pamoja nao, lakini ngumu hukataa, na ufa mpya hutokea pembeni, safari hii katikati ya jiwe. Mota hubadilishwa, jiwe la babu zenu halibadilishwi.

Kabla ya mota yoyote, jueni kama ufa bado unatembea. Bandikeni kipande chembamba cha jasi juu ya ufa, mwandike tarehe, muache msimu mzima wa mvua. Kikikatika, tafuteni chanzo: mfereji wa paa unaomwaga maji kwenye msingi, au mizizi ya mwembe. Ufa unaotembea hauzibiki kwa mota yoyote duniani.

Kisha uulizeni ukuta wenyewe. Toeni bonge la mota ya asili kutoka ndani ya kiungo, mahali ambapo mvua haijafika, mlivunje, mlitie kwenye chupa ya siki. Likichemka na kutoa mapovu mengi, yaelekea ni chokaa. Ikiisha kuyeyuka, osheni mchanga uliobaki chini, muukaushe, muuangalie juani: rangi yake, ukubwa wa punje, na kama zina kona. Huo ndio mchanga wa kutafuta. Wa mtoni, kama wa Luiche, mara nyingi hufaa ukioshwa vizuri. Wa ufukweni kwetu hauna chumvi kama wa pwani ya bahari, kwa kuwa maji ya Tanganyika ni matamu, lakini punje zake mara nyingi ni za mviringo na za saizi moja, hazishikani. Ikiwa ndani mtakuta udongo mtupu, basi chokaa iwe ya nje tu na mjazo wa ndani ubaki udongo.

Chokaa ya mfuko ya dukani inaweza kufaa, mradi haijalala. Tieni kijiko kwenye siki: ikitoa mapovu kwa nguvu, imekwisha kunyonya hewa na imekufa. Iliyo hai ilowekeni kwenye pipa lenye maji juu yake. Wiki mbili ni kidogo, miezi mitatu ni bora. Mkipata mawe ya chokaa yaliyotoka tanurini, tieni mawe kwenye maji, kamwe msimwage maji juu ya mawe, na mvae miwani, kwa sababu hutokota na kurusha.

Uwiano ninaotumia ni chokaa 1 kwa mchanga 3. Pale penye unyevu mwingi naongeza nusu kipimo cha unga wa matofali ya kuchoma. Matofali ya tanuri za vijijini, yasiyoiva sana, ndiyo bora, kwa sababu udongo wake bado hushikana na chokaa na kuisaidia kukaza penye maji. Msikubali ushauri wa kuongeza saruji kidogo.

Chokonoeni kwa tindo na nyundo, bila mashine, kina kiwe mara mbili ya upana wa kiungo. Lowesheni, shindilieni kwa tabaka, funikeni kwa magunia mabichi wiki nzima. Mawe yaliyokatika myajaze kwa sindano, uji wa chokaa na unga wa tofali uliochujwa kwa kitambaa, kuanzia chini kwenda juu, mpaka utokee kwenye tundu la juu. Fanyeni mvua zikiisha, kwenye kivuli, kwa kuwa chokaa hukaza kwa kunyonya hewa, takriban milimita moja kwa mwezi, na jua la Julai likiikausha haraka hupasuka.

Kama jengo limehifadhiwa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ombeni kibali kabla ya kugusa tindo. Ukiisha kupima kwenye siki, niwekee picha ya mchanga uliobaki, pamoja na ya ufa ukiwa na rula kando yake, nikueleze saizi ya chekeche.